Kiti cha Kosa la Tatu

Siku tuliyomzika mdogo wangu, mtu wa ofisi ya hospitali alisoma karatasi. Ilikuwa na mistari kumi na mmoja. Najua kwa sababu baadaye nilimwomba anipe, nikaihesabu kwa kidole. Ilisema alizaliwa, akasoma, akaajiriwa kuwa opereta wa simu, akafanya kazi miaka thelathini na mmoja kwa bidii na nidhamu, kisha akastaafu kwa hiari yake ili kupisha mitambo ya kisasa. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikanyamaza, maana msibani si mahali pa kugombana. Lakini hakustaafu kwa hiari yake, na aliyemtoa kwenye kile kiti si mitambo. Ndiyo sababu nimekaa kuandika. Nitakwenda polepole, na anayeona herufi zangu ni kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, asome kwa mbali.

Tulizaliwa wawili tu, nami nilimtangulia miaka sita. Mama alipoanza kuumwa, shule ilibaki ya mmoja. Mimi nilikuwa nimeshajua ufagio na sufuria, yeye alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Nikatolewa mimi, na wakati wake ulipofika akaingizwa yeye. Sikulia. Nalisema hilo kwa sababu watu hupenda kuniuliza. Asubuhi nilimpeleka nimemshika mkono, nikamwachia getini, nikarudi kuosha vyombo. Baadaye nikajifunza cherehani, nayo ndiyo iliyonilisha mpaka leo: sare za shule, mashuka, viraka, zipu zilizokufa. Mtaani wananiita Bi Kisiki, na wanadhani sijui.

Yeye walimwita Mama Haloo. Mtoto hakujaliwa, lakini kila aliyepiga simu hospitali ile kubwa alimsikia yeye kwanza. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, kati ya stoo ya mashuka na choo cha wahudumu, na dirisha lake moja lilitazama kamba za kuanikia nguo. Zamani palikuwa na ubao wenye matundu na waya: taa ndogo ikiwaka, unachomeka. Kisha wakaleta meza ya vitufe. Kiti kilikuwa kilekile, cha mbao, mguu mmoja umefungwa kwa kamba. Mto wa kukalia nilimshonea mimi kwa kitambaa cha pazia kilichobaki.

Alijua watu kwa sauti. Siku moja aliniambia, "Dada, mwenye mgonjwa huanza na jina la mgonjwa. Aliyefiwa huanza na salamu."

"Kwa nini?"

"Hana haraka tena."

Na kila mmoja, wa haraka na asiye na haraka, alimwambia neno moja: "Subiri kidogo, nakuunganisha." Alilisema mara nyingi mpaka likamganda ulimini. Nyumbani ukimwomba chumvi, atakwambia subiri kidogo. Tulikuwa tunamcheka, naye anacheka.

Nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili vilivyopakana, changu na chake, ukuta mmoja katikati, na ua wa mbele ambako niliweka cherehani yangu. Nilipofika miaka hamsini na miwili, mwalimu mmoja aliniletea oda ya mashati ishirini ya wanafunzi, vipimo ameviandika kwenye karatasi. Nikaitazama karatasi, nikatikisa kichwa kama anayesoma, nikashona kwa kukisia. Mashati yalirudi yote. Nilimwambia mwalimu kwamba watoto wake wamenenepa. Mdogo wangu alisikia. Jumapili iliyofuata, saa tisa alasiri, aliingia chumbani kwangu na penseli na orodha kuukuu ya namba za simu za ndani za hospitali.

Ndicho kitabu nilichosomea. Maabara kumi na nne. Mochwari ishirini na mbili. Jikoni thelathini na moja. Nilijua kusoma "mochwari" kabla sijajua kusoma jina langu.

Jumapili ya kwanza aliniambia, "Hapo umekosea." Nikarusha penseli dirishani. Siwezi kusema nilifanya vizuri, nasema nilifanya hivyo. Mtu niliyemfuta kamasi hawezi kuniambia nimekosea ndani ya chumba changu. Alitoka, akaiokota penseli nje, akarudi, akakaa. Akaitazama orodha muda, kisha akasema, "Pole, hapo nimekwenda haraka mimi. Turudi pamoja."

Tukarudi pamoja. Tangu siku ile, kila nilipokwama, yeye ndiye aliyekuwa amekwenda haraka. Miaka miwili ya Jumapili, sikukosea hata mara moja. Ni yeye tu aliyekuwa na haraka.

*

Kisha ikaja mashine ya kupokea simu. Ililetwa na fundi mmoja mwenye kipara kinachong'aa na sauti ya upole, mdogo wangu akambandika jina la Bwana Mitambo. Mashine ile ilikuwa inaongea yenyewe: ukitaka wodi ya wazazi bonyeza moja, ukitaka majibu ya vipimo bonyeza mbili, na kuendelea. Na ukibonyeza vibaya, au ukikaa kimya, ilikuwa na maneno ya kukurudi. Maneno hayo yalikuja na mashine kutoka ng'ambo, yakageuzwa Kiswahili na mtu ambaye sidhani kama aliwahi kupigia hospitali simu.

Mdogo wangu alinisomea uani. "'Ingizo batili, rudia.' 'Chaguo lako halitambuliki.' Na hili, Dada, ni la mtu aliyekaa kimya: 'Muda wako umekwisha.'"

"Huyo wa mwisho anayeongea ni nani, malaika mtoa roho?"

"Usicheke. Kuna mtu limeshampata."

Lilimpata seremala mmoja mzee, wiki ya majaribio. Alipiga kuuliza majibu ya macho. Alipopokelewa alisalimia, kama mtu mwenye adabu, akanyamaza kungoja aitikiwe. Hospitali ikamwambia muda wake umekwisha. Mzee akaweka simu chini, akaita wanawe, akawagawia vifaa vyake vya kazi: huyu randa, yule msumeno. Ikabidi mdogo wangu atumwe nyumbani kwake akaeleze.

"Alifurahi?" nikauliza.

"Alikasirika! Randa ameshaitoa, na mtoto hataki kurudisha."

Basi wakampa mdogo wangu wiki tatu ayatengeneze maneno yale. Bwana Mitambo akaomba pia mtu wa kujaribia, mtu ambaye atakosea kweli, maana watu wa ofisini walikuwa wanapatia. Mdogo wangu akamwambia, "Ninaye mmoja."

Nikaenda. Nikakaa kwenye kiti chake, juu ya mto nilioushona mwenyewe, nikapewa simu. Kazi yangu ilikuwa kukosea, nami niliifanya kwa ufundi.

"Mama," Bwana Mitambo akasema, "mbona unabonyeza saba? Hatukutaja saba."

"Sasa mmeiweka ya nini?"

Akaandika kwenye daftari lake. Akabadilisha kitu, akanipa tena. Safari hii mashine ikasema, "Umekosea. Jaribu tena." Nikaiweka simu mezani, nikachukua kanga yangu na mkoba.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Sijaja hapa kutukanwa na bati."

Mdogo wangu alicheka mpaka akafuta machozi kwa kiganja. Halafu akavuta karatasi, akaandika huku anatabasamu, akamsomea Bwana Mitambo maneno ya kosa la kwanza: "Pole, hapo nimekwenda haraka mimi. Turudi pamoja."

Nikamtazama. Hakunitazama. Nikaweka mkoba chini, nikabonyeza saba tena.

Kosa la pili aliandika: "Bado tuko pamoja, wala sina haraka," halafu namba zinatajwa tena taratibu. Lakini kosa la tatu ndilo lililoleta maneno. Makao makuu yalitaka mtu akikosea mara tatu ashukuriwe, aagwe, simu ikatwe. Mdogo wangu akaweka penseli. Nilikuwepo, nilisikia.

"Mtu aliyekosea mara tatu si mjinga," alisema. "Ana jambo linalomtetemesha mkono. Huyo hapewi kwaheri. Huyo anapewa mtu."

"Mtu gani, dada yangu?" Bwana Mitambo akauliza. "Mashine imeletwa ili watu wapungue."

"Nipo mimi. Niachieni laini moja na hiki kiti."

Walivutana siku nne. Mwishowe msimamizi akakubali, lakini kwa sharti. Kila mwisho wa mwezi watatazama ni watu wangapi wanafika kosa la tatu. Wakiwa chini ya kumi kwa siku, laini inafungwa na kiti kinatolewa. Hapo ndipo maisha ya mdogo wangu yaliponing'inizwa. Alibakiwa na miaka sita ya kazi, na mume alikuwa ameshamtangulia. Zaidi ya chumba kile hakuwa na mahali ambapo mtu alimngoja.

Sauti iliyowekwa kwenye mashine haikuwa yake, yake ilikuwa imeanza kukwaruza. Walileta mwanamke mwenye sauti ya asali akasoma. Lakini maneno yalikuwa yake, mpaka la mwisho: "Subiri kidogo, nakuunganisha."

*

Mwezi wa kwanza walifika kwake watu ishirini na wawili kwa siku. Wa pili, kumi na watano. Wa tatu, kumi na mmoja. Wazee walikuwa wanakosea mara moja, wanaombwa radhi na mashine, wanatulia, wanapatia.

"Nimeandika vizuri mno, Dada," aliniambia, ameshika kikombe cha chai bila kunywa. "Ningeandika vibaya kidogo."

"Si uandike vibaya?"

"Siwezi. Namjua anayepiga."

Sikulala vizuri siku zile. Nilimpeleka mtoto huyu shuleni kwa mkono wangu, nikarudi kuosha vyombo, ili leo aje kutolewa kwenye kiti na bati? Nikasema haitatokea nikiwa na macho. Kidole kimoja hakivunji chawa, nikawaita wenzangu wa uani: msusi, muuza mkaa na dobi. Walikuwa wanashinda pale kwangu kwa ajili ya kivuli na maneno.

"Kazi ni ndogo," nikawaambia. "Unapiga hospitali, unabonyeza tisa. Ikikuomba radhi, tisa. Ikikuomba tena, tisa. Mdogo wangu akipokea, sema umekosea namba, ukate."

"Mimi nitasema namtafuta daktari wa nywele," msusi akasema.

"Sema ulivyoambiwa. Usimfanyie mzaha."

"Na wewe Bi Kisiki, mbona hupigi?"

"Sauti yangu anaijua tangu yuko mgongoni."

Wakacheka, wakapiga. Walipiga pale pale kando ya cherehani yangu, mimi nikiendelea na mashati. Ilikuwa kama mchezo. Siku za mwanzo walifuata sharti. Kisha dobi akaipenda sauti ya mdogo wangu. Dobi ni mtu wa hadithi, akipata sikio haachi. Alhamisi moja akajitungia mjomba mwenye mguu uliovimba, akaeleza ulivyoanza, dawa gani alipewa, mkewe alisema nini, na mdogo wangu kule anamsikiliza kwa upole wake wote, anamuuliza mguu wa kulia au wa kushoto. Dakika kumi na mbili. Sisi tumeshika mbavu, muuza mkaa amejifunika uso na kanga.

Mwezi ule ukafungwa kwa watu kumi na saba kwa siku. Niliposikia, nilinunua nyama.

Jumatano iliyofuata, saa nane mchana, mdogo wangu akaingia uani amevaa sare ya kazi. Hajawahi kutoka kazini saa nane. Dobi na msusi walikuwepo. Aliwasalimia wote, kisha akasimama mbele ya cherehani yangu.

"Endelea kushona, Dada."

"Nimemaliza."

"Kanyaga tu. Kidogo."

Nikakanyaga. Kanyagio la cherehani yangu linalia, kama panya aliyebanwa mlangoni. Sijalitia mafuta miaka mingi kwa sababu nimelizoea. Alisikiliza, akafumba macho.

"Mwezi mzima nasikia sauti hii nyuma ya watu," alisema. "Nikawa najiambia mafundi cherehani wote wana kanyagio hilo hilo. Nilijidanganya kwa sababu nilikuwa nakitaka kiti."

Msusi akaanza kukusanya vitana vyake. Dobi alikuwa ameinama.

Ndipo akanieleza. Asubuhi ile alikuja mtu chumbani kwake, mlinzi wa ghala, bado ana rungu la kazi mkononi. Mama yake mzazi alikuwa amelazwa. Alhamisi iliyopita mama alihamishwa wodi, na mlinzi alikuwa anapiga kuuliza amepelekwa wapi, ili amwombe mwenzake amshikie zamu akamwone. Mkono ulikuwa unamtetemeka, akakosea mara tatu. Akaambiwa subiri kidogo, nakuunganisha. Akasubiri mpaka simu ikakatika yenyewe. Akapiga tena, akakosea tena, akasubiri tena, ikakatika. Akakata tamaa, akasema atakwenda Ijumaa saa ya kutazama wagonjwa. Mama alifariki Ijumaa alfajiri.

"Hakunigombeza," mdogo wangu akasema. "Alianza na salamu. Kisha akaniuliza tu, 'Dada, mlikuwa mnaongea na nani muda wote ule?'"

Akamgeukia dobi.

"Nilikuwa naongea na mjomba mwenye mguu," akasema.

Dobi akaanza kulia. Mimi sikulia. Mimi nilikasirika, na hasira yangu haikujua pa kukaa, ikamwendea yeye.

"Nilikuwa nakulindia kiti chako."

"Kiti kile si changu, Dada. Ni cha aliyekwama."

"Bila mimi ungekuwa umeshakitoka."

"Ningekitoka. Na yule mlinzi angemwona mama yake."

"Wazee wanakufa kila siku. Mimi ndiye niliyemuua?"

"Sijasema hivyo." Akasogea, akaweka mkono juu ya meza ya cherehani. "Nakuomba neno moja. Sema tu, nimekosea. Kwangu. Hapa hapa. Halafu nitajua la kufanya."

Walikuwa wananitazama wote. Muuza mkaa alikuwa ameingia na gunia, naye akasimama.

"Sijakosea," nikasema.

Alingoja. Nakumbuka alivyongoja. Nilitegemea aseme, pole Dada, hapo nimekwenda haraka mimi. Jumapili zote alilisema. Siku ile hakulisema. Aliondoa mkono mezani, akarudi kazini, akaenda moja kwa moja kwa msimamizi, akamwambia kwamba hesabu ya mwezi ule ni ya uongo na akataja sababu, ila jina langu hakulitaja.

Laini ikafungwa mwisho wa mwezi. Nilimwona dirishani anarudi, mto wa pazia ameubana kwapani. Akaingia chumbani kwake. Nikasikia anaweka mto chini.

*

Mwaka mmoja na miezi miwili hatukuzungumza. Kuandika hivyo ni rahisi, ni mstari mmoja. Tulichota maji bomba moja. Tulianika kwenye kamba moja, mimi upande wa ukutani, yeye upande wa mlango. Akipika dagaa, najua. Nikikohoa, anajua. Jumapili saa tisa alasiri nilisikia kiti chake kikiburutwa karibu na ukuta, nami nilikuwa nimekaa upande wangu na ile orodha mapajani. Hakuna aliyegonga. Nilijiambia mdogo ndiye anayeanza. Nilijiambia atachoka. Mara moja nilifika mpaka mlangoni kwake, mkono umeshainuka, nikasikia anaimba taratibu humo ndani, nikasema kumbe ana raha zake, nikageuka.

Kanyagio nililitia mafuta. Halikulia tena. Nilitaka nini kwa kulitia mafuta wakati ule, sijui.

Asubuhi moja nilisikia ndoo inaanguka, maji yakapita chini ya mlango wake mpaka uani. Nikaita. Hii ndiyo mara ya kwanza niliyomwita. Nikasukuma mlango. Alikuwa sakafuni, mdomo umekwenda upande, jicho moja linanitazama na lingine halinitazami.

Nikachukua simu nikapiga hospitali. Namba niliijua kwa moyo, niliwafundisha watu watatu. Sauti ya asali ikaanza kutaja, mimi siioni hata skrini, kidole kinaruka. Nikakosea. Ikasema, "Pole, hapo nimekwenda haraka mimi. Turudi pamoja."

Maneno yangu. Aliyatunga kwa ajili ya kichwa changu kigumu, Jumapili ile ya penseli, na mtu nisiyemjua alikuwa ananisomea, na mwenyewe yuko sakafuni miguuni pangu. Nikabonyeza tena, nikakosea. "Bado tuko pamoja, wala sina haraka." Nikabonyeza tena.

"Asante kwa kupiga simu. Kwaheri."

Ikakata.

Muuza mkaa alitafuta gari lake la kubebea magunia, tukampakia juu ya kanga zangu, tukafika. Sisemi ile simu ndiyo iliyomwumiza, daktari hakusema hivyo. Alisema ni kiharusi na kwamba saa za mwanzo ni muhimu, akaniuliza tulianza safari lini. Nikamwambia. Hakuniuliza nilikuwa naongea na nani.

Aliishi miezi mitano baada ya hapo, chumbani kwangu, kitanda nilikigeuza kiangalie uani. Mkono wa kulia ulikufa, na maneno yalimtoka yote, yakabaki mawili. Ukimuuliza unataka maji, anakwambia, "Subiri kidogo." Unaumwa wapi? "Subiri kidogo." Wauguzi walidhani anawatania. Daktari alinieleza kwamba neno ambalo ulimi umelizoea sana huweza kubaki hata mengine yakiondoka, halina maana tena, linajitokea lenyewe. Ile nusu ya pili, nakuunganisha, haikurudi.

Jumapili saa tisa nikawa nashusha orodha. Nikamwekea kidole kwenye neno. "Maabara. Sema, maabara."

"Subiri kidogo."

Wiki za mwanzo nilinyamaza. Halafu siku moja alijaribu kweli, shingo ikakaza, jasho likamtoka puani, na likatoka lile lile. Machozi yakamshuka kwa jicho zima. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Pole, hapo nimekwenda haraka mimi. Turudi pamoja."

Aliacha kulia. Akanitazama kama mtu aliyesikia hodi.

Sikuwa na pa kukimbilia tena. Dobi hakuwepo, msusi hakuwepo, hapakuwa na mtu wa kunitazama ila yeye.

"Nilikosea," nikasema. "Ule mwaka. Nilikosea mimi, na kwa mlinzi, na kwako, na siku ile uliponisubiri."

Hakugeuza uso. Nikalisema tena, maana sikuwa na hakika kama linasikika. Nikalisema mara ya tatu. Aliinua mkono wake mzima, wa kushoto, ukatafuta hewani mpaka ukapata mkono wangu ukiwa bado juu ya orodha.

"Subiri kidogo," akasema.

Nikasubiri. Jua likaondoka uani. Akasinzia mkono wake ukiwa juu ya wangu, nami sikuutoa. Alifariki Alhamisi ya wiki iliyofuata, na hakuwa amesema kingine.

Daktari angesema ni mazoea ya ulimi. Labda. Daktari hakumjua. Miaka thelathini na mmoja hakuwahi kumwambia mtu asubiri, kisha kwa kupenda kwake akamwacha kwenye laini.

Yule mlinzi bado sijaenda kwake. Ghala lake nalijua, liko nyuma ya soko la mitumba, na zamu yake inaisha saa kumi na mbili jioni. Nimeshafika mpaka kona mara mbili. Nitaanza na salamu.

Karatasi ya msiba ninayo hapa. Ule mstari wa kumi na mmoja, wa hiari yake, nimeukata kwa kalamu. Juu yake nimeandika, kwa herufi zangu kubwa: Alitolewa kwenye kiti kwa sababu ya dada yake. Dada yake alikosea.